Maswali ya Wasomaji: Diski imepanuka, hayo makundi mapya kayaandaa nani?

Swali: Shikamoo fundi. Nasimamia seva ya kampuni moja ya usafirishaji hapa Mwanza, ni mashine ya klaudi yenye Linux. Diski ilikuwa GB 40 ikajaa, tukalipia iwe GB 100. Nimepiga growpart ya kukuza patisheni halafu resize2fs ya kukuza mfumo wa faili, haikumaliza hata nusu dakika ikasema tayari, na df inasoma karibu 100. Ila baadaye nimefungua iotop nikaona kitu kinaitwa ext4lazyinit kinaandika kwenye diski na mimi sijakituma. Ni virusi? Nikizima mashine sasa hivi data inaharibika? Na hizo GB 60 zimeandaliwaje kwa sekunde chache vile? *Msomaji, Mwanza*

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Toa wasiwasi, sio virusi. ext4lazyinit ni kerneli yenyewe ya Linux (kiini cha mfumo) inafanya kazi chini kwa chini, na kazi hiyo ni nusu ya pili ya kile ulichokiomba ulipopiga resize2fs. Nusu ya kwanza ndo ile iliyoisha haraka.

Ili uelewe inabidi ujue ext4, yaani mfumo wa faili ulio kwenye diski yako, inavyoikata diski. Kwa bloku za kilobaiti 4, ambazo karibu kila mtu anazo, diski inagawanywa makundi ya bloku 32,768, yaani MB 128 kwa kila kundi. Namba hiyo haikutoka hewani: bitimapu ya kundi inakaa kwenye bloku moja tu, bloku ina baiti 4,096, kila baiti ina biti nane, na kila biti inasema bloku fulani imeshikwa au iko wazi, zidisha mwenyewe uone. Kila kundi linataka bitimapu ya bloku, bitimapu ya inodi (inodi ni rekodi ya faili moja na bloku zake), na jedwali la inodi, na hili jedwali ndo zito kuliko vyote. Kwa mipangilio ya kawaida ya mke2fs, programu inayotengeneza ext4, kundi moja lina inodi 8,192 za baiti 256 kila moja, hiyo ni MB 2 nzima. Sasa njoo kwenye hesabu yako: GB 40 ni makundi 320, GB 100 ni makundi 800, kwa hiyo umeongeza makundi kama 480 na majedwali yake peke yake yanakaribia GB 1. Hiyo GB moja ndo ext4lazyinit inaijaza sifuri pole pole.

Mbona haikuandikwa palepale? Kwa sababu kila kundi lina deskripta yake, yaani maelezo mafupi ya kundi, na deskripta inaweza kubeba alama inayosema jedwali la inodi la kundi hili bado halijatumika hata kidogo, msilisome. INODE_UNINIT ndo jina la alama hiyo, na mwenzake BLOCK_UNINIT anasema hivyohivyo kwa bitimapu ya bloku. Deskripta inalindwa na cheksamu, namba ya kuhakiki kwamba data haijaharibika, kwa hiyo mradi cheksamu ni sahihi kerneli inaiamini alama na haina haja ya kugusa zile MB 2. Ndo maana resize2fs ilikurudishia terminali mapema. Ilipomaliza, kerneli ikaandikisha makundi mapya kwenye foleni ya ext4lazyinit. Utaratibu huu upo tangu Linux 2.6.37, kwa hiyo sio kitu kigeni, ni vile tu wengi hawafungui iotop.

Sasa usalama, na hapa naomba ukae vizuri, maana nasikia sana watu wakisema kupanua ni salama kwa sababu kunaisha haraka, eti umeme hautapata muda wa kukatika. Sio kasi inayokulinda. Kinachokulinda ni nini kinaandikwa kabla ya kipi.

Kerneli inachukua makundi mapya kwa mafungu, kwa mpangilio wa kawaida wa flex_bg, unaounganisha makundi jirani, ni makundi 16 kwa mpigo, kwa hiyo kwako ni kama mafungu 30. Kwa kila fungu inaenda kwanza kule kwenye eneo jipya, inaandika bitimapu zinazohitaji kuandikwa, inaweka nafasi za nakala za deskripta kwenye yale makundi yanayobeba nakala. Muda wote huo superbloku, bloku kuu inayoelezea mfumo mzima wa faili, bado inasema makundi ni 320, kwa hiyo hakuna programu wala sehemu nyingine ya kerneli inayotazama kule. Umeme ukikatika hapo hujapoteza kitu, kimebaki kipande cha data kwenye eneo ambalo halijawa la mtu. Ikishamaliza, inafungua muamala kwenye jenali, ile sehemu ambayo ext4 inaandika kwanza mabadiliko kabla ya kuyapeleka mahali pake, na ndani ya muamala huo inaingiza deskripta mpya na kurekebisha superbloku kwa pamoja. Ama yote yanaingia ama hakuna kinachoingia. Hata kwenye RAM wamekuwa makini: kwenye kodi ya kerneli kuna kizuizi kinaitwa smp_wmb kimewekwa kabla tu ya mstari unaobadilisha idadi ya makundi, ili prosesa nyingine isije ikaona idadi mpya wakati taarifa za makundi hayo bado hazijaifikia. Ni sawa na mtu anayeongeza chumba nyuma ya nyumba: anajenga, anaezeka, anapiga lipu, na ukuta wa zamani anautoboa mlango siku ya mwisho kabisa, mvua ikinyesha katikati ya ujenzi waliolala ndani hawalowi.

Baada ya hapo ndo nakala za superbloku zinasasishwa, zile zilizoko kundi la 1 na makundi ambayo namba zake ni vipeo vya 3, 5 na 7. Kwa bloku za kilobaiti 4 unazikuta kwenye bloku 32768, 98304, 163840 na kuendelea. Hizi zinakuja mwisho kwa makusudi, kwa sababu nakala ya zamani kidogo bado inaelezea mfumo wa faili uliokuwa sahihi, ila nakala inayodai makundi ambayo superbloku mama haiyajui ingekuwa balaa.

Kwa hiyo ukizima mashine katikati ya resize2fs, mfumo utaamka ukiwa umekua hadi fungu la mwisho lililokamilika, tuseme GB 72, unapiga resize2fs tena inaendelea kutoka hapo. Na ukizima sasa hivi wakati ext4lazyinit inaandika, vilevile hakuna shida. Inaandika sifuri kwenye jedwali la kundi, ikimaliza ndo inaweka alama kwenye deskripta kwamba kundi hili limeshasafishwa. Mashine ikiwaka na diski ikimauntiwa (kuunganishwa ili itumike) kwa kuandikwa, inatafuta kundi la kwanza lisilo na alama na kuanzia hapo. Wengine huniuliza je haitayafuta mafaili mapya niliyotengeneza kwenye makundi hayo? Haitayafuta, inaruka inodi zilizokwisha kutumika na kusafisha zilizobaki tu, na wakati inasafisha inashika kufuli la kundi ili asitokee mtu wa kuchukua inodi pale.

Ukitaka kuona kwa macho piga `dumpe2fs /dev/vda1` (weka jina la patisheni yako) ushuke hadi makundi ya namba kubwa. Kundi la 500 litasomeka hivi:

`Group 500: (Blocks 16384000-16416767) csum 0x... [INODE_UNINIT, BLOCK_UNINIT]`

Baadaye ukirudi utakuta kwenye mabano imeongezeka ITABLE_ZEROED. Ukiona makundi yote yana neno hilo, kazi imeisha na ext4lazyinit itapotea yenyewe kwenye iotop. Kama hutaki kusubiri, usiku watu wakiwa hawapo fanya `mount -o remount,init_itable=0 /`. Kawaida thamani yake ni 10, maana yake ikitumia milisekunde 5 kusafisha kundi moja inapumzika 50 kabla ya kugusa lingine, na ukiweka 0 haipumziki kabisa. Mchana usifanye hivyo, wateja watakupigia simu. Na ile noinit_itable inayoizima kabisa achana nayo, kwa nini, soma jibu linalofuata.

Swali: Habari za kazi kaka. Nina seva ndogo ofisini yenye LVM, ile ya kuigawa diski kwa voliumu. Mwaka jana nilipunguza voliumu ya ext4 kutoka GB 500 hadi 300 ili nitengeneze voliumu nyingine ya majaribio. Ile ya majaribio nimeifuta, sasa nataka kurudishia ile ya kwanza ukubwa wake. Kuna mtu kaniambia eneo hilo lina takataka za zamani, kwamba mafaili ya zamani yanaweza kufufuka, kwa hiyo nipige dd ya sifuri kwanza kwenye diski. Ni kweli au ananitisha? *Msomaji wa kike, Tanga*

Jibu: Nzuri dada yangu. Hofu yake ina msingi, ila dawa aliyokupa ni hatari kuliko ugonjwa, dd moja ikikosea jina la kifaa ndo kwaheri ofisi.

Eneo unalotaka kulirudisha lina vitu vya aina mbili. Kuna mabaki ya ile voliumu ya majaribio, na pale ambapo majaribio hayakugusa bado kuna majedwali ya inodi ya mfumo wako wenyewe, yale ya kabla hujapunguza. Inodi ya zamani haina tangazo kwamba imekufa. e2fsck, programu ya kukagua mfumo wa faili, ikiitazama inaona idadi ya viungo sio sifuri, muda wa kufutwa haujaandikwa, na orodha ya bloku inazodai ni zake. Kwa macho ya e2fsck hilo ni faili zima na lenye afya.

Kwa siku za kawaida hakuna anayelitazama, maana deskripta inasema INODE_UNINIT. Tatizo linaanza siku deskripta zikiharibika, labda diski imepata sekta mbovu pale zilipo. Cheksamu haiendani, e2fsck haiwezi tena kuiamini alama, inaamua kulisoma jedwali lote kuanzia inodi ya kwanza hadi ya mwisho, ikitafuta cha kuokoa. Kama jedwali lilijazwa sifuri inakuta sifuri na kupita. Kama halikujazwa, inakutana na wale mizimu: inodi zinazodai bloku ambazo leo ni za mafaili mengine, zinaanza zile taarifa za bloku kudaiwa na mafaili zaidi ya moja, mamia ya mistari, na lost+found inajaa vitu ambavyo hakuna anayevijua. Wakati huo mgonjwa wako alikuwa na sekta moja tu mbovu. Ndo maana nimemwambia mwenzako wa Mwanza asiizime ext4lazyinit, kazi yake ni kuondoa mizimu kabla siku hiyo haijafika.

Sasa utasikia watu wanasema siku hizi kuna metadata_csum hivyo hakuna haja. Nusu ni kweli. Tangu e2fsprogs 1.43 ya mwaka 2016, mke2fs inawasha metadata_csum kwa kawaida, na kila inodi inapata cheksamu inayochanganywa na UUID (namba ya utambulisho) ya mfumo wa faili pamoja na namba ya inodi yenyewe. Inodi iliyoachwa na mfumo mwingine ina UUID nyingine, cheksamu inagoma, mzimu unatambulika. Lakini kesi yako wewe ndo ile inayopenya: umepunguza mfumo uleule kisha unaupanua tena, UUID ni ileile, inodi iko palepale na namba yake ileile, kwa hiyo cheksamu ya mwaka jana inakubali bila wasiwasi. Jamaa yako hajui amegusa kitu cha maana kiasi gani.

Ungekuwa huna haraka ningekwambia panua tu huku voliumu imemauntiwa, `lvextend -r`, hiyo -r inamwita resize2fs yenyewe, halafu acha ext4lazyinit imalize kabla hujaanza kuitesa seva. Hiyo inatosha kwa watu wengi. Kama roho haitulii, safisha eneo hilo kabla halijawa sehemu ya mfumo, na njia isiyo na hatari ni kuipa LVM yenyewe ikuonyeshe nafasi iliyo huru. Tengeneza voliumu ya muda kwa `lvcreate -l 100%FREE -n muda` ukimalizia na jina la kundi lako la voliumu, jaza sifuri kwenye hiyo muda peke yake, `blkdiscard -z` inafanya kazi hiyo, kisha `lvremove` na ndo uende kwenye lvextend. Hapo hata ukiteleza umejaza sifuri kwenye nafasi ambayo haikuwa ya mtu, LVM haiwezi kukupa kwenye muda kipande cha voliumu inayotumika. Soma tu jina mara mbili kabla ya kubonyeza, `/dev/` ikifuatiwa na jina la kundi halafu muda.

Ukiamua kupanua huku voliumu haijamauntiwa, resize2fs itagoma hadi upige `e2fsck -f`, usiitafutie njia ya mkato kwa ile -f ya resize2fs, imewekewa ukaguzi huo kwa sababu. Na kwa hali hiyo kuna swichi wengi hawaijui, `-z` ikifuatiwa na jina la faili, inatunza bloku za zamani kabla hazijaandikwa juu, mambo yakiharibika unarudi nyuma kwa e2undo. Hilo faili liweke kwenye diski nyingine, usiliweke kwenye voliumu unayoifanyia kazi. Bakapu pia, lakini hilo nadhani ofisi imeshakufundisha.

Swali: Kwenye seva zetu tunatumia XFS. Nimepiga xfs_growfs imeisha sekunde ile ile, na hakuna cha lazyinit wala nini. Imeruka hatua? *Msomaji, Dodoma*

Jibu: Haijaruka. XFS, ambayo ilizaliwa SGI miaka ya tisini mwanzoni, haina majedwali ya inodi yaliyotengwa mapema. Inatengeneza inodi inapozihitaji, 64 kwa mpigo, kwa hiyo hakuna GB nzima ya kusafisha. Kinachohitajika ni vichwa vya kila kundi jipya la ugawaji: nakala ya superbloku, taarifa za nafasi huru, taarifa za inodi, na mizizi ya miti yake, bloku chache tu. Kanuni ya usalama ni ileile niliyomweleza wa Mwanza, vichwa vinaandikwa moja kwa moja kwenye diski kwanza, hata kwenye logi havipiti maana hakuna anayevijua bado, halafu muamala mmoja unabadilisha superbloku na kuanzia hapo makundi yapo. Kama kundi la mwisho la zamani lilikuwa pungufu linajazwa hadi ukubwa wake kamili.

Kitu kimoja tu cha kuangalia kwa XFS: inakua ikiwa imemauntiwa tu, na kurudi nyuma usitegemee. Ukiikuza kwa bahati mbaya hadi TB 2 wakati ulitaka TB 1, njia ya kurudi ni bakapu, kuformati upya na kurudisha. Piga `xfs_growfs -n` kwanza uangalie namba, -n haibadilishi kitu.

Swali: Sasa mkuu, niko Mombasa. Nimeongeza diski ya VM (mashine pepe) nikafungua parted, programu ya patisheni, ikaniuliza Fix/Ignore, ati sio nafasi yote inatumika. Nikaogopa nikafunga. Nijibu nini? *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Poa sana. Jibu Fix. Jedwali la patisheni la GPT lina nakala mbili, moja mwanzo wa diski na nyingine kwenye sekta 33 za mwisho kabisa. Diski ilipopanuka, ile ya mwisho imejikuta katikati, na ile ya mwanzo bado inasema diski inaishia hapo hapo pa zamani. Fix inaandika nakala mpya mwisho halisi wa diski na kurekebisha ya mwanzo, data yako ndani ya patisheni haiguswi. Kama hupendi maswali, `sgdisk -e` inafanya hivyohivyo kimya kimya. Ukishamaliza hapo ndo `resizepart`, na resize2fs inakuja baada yake, ukianza na resize2fs itakwambia hakuna cha kufanya sababu patisheni bado ni ndogo. Na kama parted inakuonyesha msdos, lile jedwali la patisheni la zamani, badala ya gpt, hiyo swali halitakuja kabisa, ila jua kwamba kwa sekta za baiti 512 huwezi kuvuka TB 2.